Jani Uliloliongeza

Kwako Kulwa, pacha wangu, uliyenitangulia kuja na ukanitangulia kuondoka,

Mzee Khalfan alinitaka nichague springi za nyuma za lile gari lake, nikagundua kwamba sijui kuchagua kitu bila wewe kunipigia kelele. Nilisimama chini ya gari lililoinuliwa, nikasema kwa sauti, "Hizi laini zinatosha." Nikangoja uniite mwoga. Hakuna aliyeniita chochote. Feni ilikuwa inazunguka, basi. Ndiyo maana nakuandikia. Nimekosa mtu wa kugombana naye.

Mama husema tulianza kugombana kabla hatujazaliwa. Eti ulitoka umekunja ngumi, nami nikafuata nikiwa na alama nyekundu shavuni. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba tangu nilipopata akili, mkono wako ulikuwa ama umenishika ama unanipiga, na mara nyingi sikuweza kutofautisha.

Unaikumbuka gereji ya fundi Masanja kule Shinyanga? Alitupiga kwa mpira wa rejeta tulipokosea, na tusipokosea alitupiga ili tusizoee. Ulikuwa unasogea mbele wewe kwanza, hata kosa likiwa langu, ili mkono wake uchoke kabla haujanifikia. Hukuwahi kulisema hilo na mimi sikuwahi kukushukuru. Nilikuwa nahesabu makofi yako tu, yale uliyonipiga mwenyewe baadaye ukisema, "Na haya ni ya kwangu."

Pale ndipo tulipoanza kuzijua springi. Vile vipande virefu vya chuma vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine chini ya gari, tukiviita majani. Lori la pamba lilikuja limekalia nyuma kama ng'ombe aliyevunjika kiuno, na Masanja hakuwa na maswali. "Ongeza jani." Mzigo unaosemwa si mzigo unaokuja, ndivyo alivyotufundisha. Tajiri akikuambia tani saba, ujue zitapanda kumi na watu juu yake. Basi ongeza jani. Lori likirudi limekatika springi, usimuulize dereva alipita wapi, ongeza jani. Neno hilo halikuwahi kutuangusha, kwa sababu kule hakuna lori lililobeba kwa kipimo chake.

Na siku ile bolti ya katikati, ile inayoyabana majani pamoja, ilipokatika mikononi mwetu! Jani lilipita kati ya kichwa chako na changu, likatoboa bati la ukuta, likamuua mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa upande wa pili. Tulisikia mlio mmoja tu, kisha kimya. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilijikojolea. Ulipoona, uliacha kucheka, ukavua shati lako ukanifunga kiunoni kabla wengine hawajageuka, halafu ukapaza sauti, "Nani ana kisu? Kuna nyama huku!" Watu wote wakakimbilia kwa mbuzi. Hakuna aliyenitazama.

Ulipotangulia Dubai na kuniita nikufuate, nilidhani mji utakupoza. Watu wengi huku hupoa. Wanajifunza kusema "yes sir" na "yes madam" na kutazama chini. Wewe hukupoa. Chumba chetu cha Al Baraha kilijaa vitanda vya kupandana, na yule jamaa wa kitanda cha juu akaitupa kwenye pipa la taka michembe aliyotutumia mama. Alidhani ni uchafu, vipande vya viazi vilivyokauka ndani ya mfuko wa plastiki. Hukumwuliza. Ulimpiga mara moja, jino likaingia kwenye sinki. Nilikushika kutoka nyuma, ukanipiga kiwiko cha mbavu. Damu ilikuwa kwenye kioo cha kunyolea, na wewe ukawa unapekua pipa la taka, unakipuliza kimchembe kimoja kimoja na kukirudisha mfukoni huku unalia.

Kesho yake ulimpikia uji. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukampulizia kijiko, mtu mwenye mdomo uliovimba kama andazi. "Kunywa, ndugu yangu," ulimwambia. "Usinifanye nikupige tena." Mpaka leo bado yuko chumba kile. Wakati wa msiba wako ndiye aliyepita kila kitanda akikusanya michango ya kukusafirisha.

Kisha likaja gari la Mzee Khalfan. Nakumbuka liliposhushwa mlangoni mwa gereji yetu, Al Quoz, jua likiwa linaunguza mpaka rangi yake ya zambarau ilionekana nyeusi. Gari la Kimarekani la enzi za babu zetu, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane inayonguruma kama inatapika mawe. Ulilizunguka lote. Ulilipiga kofi bodi ya nyuma kama watu wa kwetu wanavyompiga ng'ombe wa kununua. "Doto," ulisema, "huyu ni dume."

Na Mzee Khalfan akacheka, akajibu kwa Kiswahili kilichotuaibisha kwa uzuri wake. "Dume khasa. Ila kiuno kinamuuma, mwanangu. Mtazame." Bibi yake alikuwa wa Unguja, akatuambia, na nyumbani kwao watoto walikuwa wakigombezwa kwa Kiswahili na kubembelezwa kwa Kiarabu. Tangu siku ile hukumwita arbab, yaani bosi, kama wengine. Ulimwita mzee, naye akakuita fundi.

Ugonjwa wa gari tuliuona siku ya kwanza. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yalidunda kwenye lami, du du du du, gari zima likitetemeka mpaka meno yanagongana. Nguvu ya injini ilikuwa inaupindua mhimili wa nyuma, springi zinakunjika kama nyoka, kisha zinajinyoosha kwa hasira, kisha zinakunjika tena. Hapo ndipo tulipogombana ugomvi wetu mkubwa wa mwisho.

"Zimechoka," nilisema. "Tutafute mpya za aina yake, ngumu kidogo upande wa mbele, na shokapu zinazokubaliana nazo. Gari hili halibebi kitu, Kulwa. Nyuma kuna buti tupu."

"Na farasi mia nne wa injini? Huo si mzigo?"

"Farasi hao hawakalii springi."

"Wewe ulishawahi kuwaona wanakaa wapi?" Mafundi wote wakacheka. Ukanirushia glovu usoni. "Mwoga wewe. Ongeza jani, khalas."

Ulikwenda kwa wale mafundi wa Kipathani kutoka Pakistani wanaokunja springi za malori, ukarudi na majani mawili begani, moja la kila upande. Ulikodi moto wao, ukayapasha mpaka yakawa mekundu, ukaanza kuyapiga nyundo yafuate mkunjo wa yale mengine. Nilishika koleo. Cheche zilikuwa zinaingia mikononi mwetu na hukujali. Ulipiga kama unayempiga ni mtu, na kila nyundo ilipotua ulitaja jina. "Masanja! Yule wa michembe! Yule askari wa uwanja wa ndege aliyenisukuma! Doto!"

"Mimi nimekufanya nini?"

"Wewe umezaliwa!"

Tulicheka mpaka chuma kikapoa, ikabidi tukirudishe motoni. Sijapata kukuona umependeza kama siku ile, jasho limekuchora mistari kwenye masizi, meno meupe, mkono mmoja juu. Baadaye ulimenya chungwa ganda lisikatike, ukanivalisha ganda kichwani, ukasema nimetawazwa mfalme wa waoga.

Na ilifanya kazi. Hilo lazima niliandike pia, kwa haki yako. Kwenye uwanja laini wa kushindanisha magari halikudunda tena. Liliondoka moja kwa moja kama limerushwa kwa manati. Mzee Khalfan alikukumbatia mbele ya watu wake, nguo nyeupe na ovaroli yenye grisi, na kuanzia hapo watu wakaanza kuja gereji wakiuliza, yuko wapi fundi wa springi, yule Mtanzania. Ulinitazama tu, hukusema neno. Hilo lilikuwa pigo lako kali kuliko yote.

Asubuhi ile ulikuwa unampelekea gari lake, barabara ya kwenda Lahbab, mimi nyuma yako na pikapu. Ulikwenda kasi, sikatai. Lakini pale lami mpya inapokutana na ya zamani pana tuta dogo sana. Pikapu yangu ililipita ikainamisha kichwa tu. Lako halikuinama. Niliona nyuma yote inaruka, magurudumu mawili hewani yakizunguka bure, na yalipogusa chini gari lilikuwa limeshageuka ubavu. Likapiga chuma cha pembeni, likapinduka, likapiga tena. Vioo vilimwagika barabarani kama mtu amemwaga mchele.

Nilikukuta kichwa kimeinama. Usukani ulikuwa umeingia kifuani mwako. Ulinishika shati. Ulitaka kusema kitu, ikatoka damu mahali pa neno. Nikaifuta kwa kiganja, ikatoka nyingine, nikaifuta tena, kana kwamba kazi iliyobaki ni kufuta tu, na nikifuta haraka utabaki. Vidole vyako vilikaza shati langu mpaka kifungo kikang'oka. Kisha vikalegea kimoja kimoja.

Tulikurudisha Shinyanga. Mama hakulia hadharani. Alinifuata katikati ya waombolezaji, akavua kandambili, akanipiga nayo usoni, kichwani, mabegani. "Mlikwenda wawili! Mlikwenda wawili!" Wajomba wakataka kumshika, nikawaambia wamwache. Sikujikinga. Alipochoka alikaa chini, akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akawaambia watu, "Barabara za Waarabu zimemla mwanangu." Na hivyo ndivyo ilivyobaki kusemwa. Fundi mkubwa, barabara mbaya.

Niliporudi kazini, Mzee Khalfan alikuwa ameamua gari litengenezwe. Watu wa bodi walilinyoosha kwa miezi. Nyuma haikuumia sana, na springi zako zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyezifungua. Nilitaka mkono wangu ndio uziguse.

Unajua kuliko mimi kwamba majani ya springi hufanya kazi kwa kuteleza. Gari likipita shimo yanasuguana, na ukiyafungua unayakuta yanang'aa kwenye ncha. Yako hayakung'aa popote. Rangi nyeusi uliyoyapaka kwa brashi ilikuwepo yote, na ndani ya rangi palikuwa na alama ya dole gumba lako, haijakwaruzwa. Nilikaa sakafuni nikiitazama alama ile. Tangu uzifunge, springi zako hazikupinda, Kulwa. Zilikuwa tayari kwa tani kumi za pamba, na juu yake hapakuwa na kitu. Gari lilikuwa limekalia jiwe. Kwenye uwanja laini jiwe halina shida. Kwenye tuta, jiwe halimezi pigo. Linaruka.

Niliyafunga yale majani kwenye gunia, nikayasukuma chini ya benchi, na sikumwambia mtu.

Mwezi uliopita Mzee Khalfan alikuja na Salma, binti yake. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anakunja mikono ya abaya ili ashike taa umwonyeshe chini ya injini, akikuita ustadh. Amekuwa mtu mzima kwelikweli. Mzee aliniambia mbele yake kwamba gari sasa ni la Salma, na ndiye atakayelitia uwanjani na barabarani.

"Springi za marehemu zirudi pale pale alipozitia," alisema. "Nimekataa watu wote wanaoniletea mpya. Mie sitaki gari lililomsahau mtu. Kama unaona zipo bora kuliko zake, chagua weye, wewe ni nduguye. Lakini sidhani kama zipo."

Salma aliitikia kwa kichwa, macho yamemjaa maji. Nikasema, "Inshallah, mzee."

Walipoondoka, Otieno akatoa kichwa chini ya gari la pili. Bado yuko, Mkenya wetu mwenye mdomo. Siku zile nilipofungua springi alikuwa jirani, na yeye pia ana macho.

"Buda, si utamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Hizo ni springi za lori. Unataka kumzika huyo dem pia? Brathe yako alijimaliza mwenyewe, Doto. Kila msee hapa anajua. Alijimaliza na jani la lori."

Nilimpiga. Mimi, Kulwa. Sikujua kwamba mkono wangu unajua njia. Nilimpiga mdomoni, akaanguka juu ya sinia la mafuta machafu, nikamfuata chini nikampiga tena, na tena, mafuta na damu vikiruka pamoja, nikisikia sauti inayopiga kelele na kumbe ni yangu. Watatu walinivuta. Pete yangu ilikuwa imempasua mdomo wa juu. Otieno alikaa, akatema, akanitazama, akaanza kucheka kwa mdomo ule uliopasuka.

"Wueh! Kumbe ni mapacha kweli," alisema. Kisha akaacha kucheka. "Lakini umenipiga juu ya ukweli, Doto. Na ukweli haujatoka jino."

Nilielewa, nikiwa nimesimama pale, kwa nini ulikuwa unapiga watu na kwa nini ulikuwa unawapikia uji. Ngumi inakupa dakika moja ya kutosikia. Ikiisha unasikia vizuri zaidi.

Na nilichosikia ni hiki. Nikinyamaza, jina lako linabaki kubwa, mama anabaki na barabara yake ya kuilaani, na yule binti anakwenda kukaa mahali ulipokaa wewe, usukani uleule mbele ya kifua chake. Nikisema, binti anaishi, na wewe unakufa mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu. Nilimpeleka Otieno kushonwa mdomo. Njiani nilikuwa bado nakutafutia utetezi. Tuta. Kasi. Jua. Kila nilipoupata mmoja niliiona ile rangi nyeusi isiyokwaruzika.

Kesho yake Mzee Khalfan alikuja baada ya alasiri. Nilivuta gunia, nikayalaza majani yako sakafuni mbele ya viatu vyake.

"Mzee, hizi siwezi kuzifunga."

"Zimevunjika?"

"Hapana. Ni nzima. Ndiyo shida yake." Nikamwonyesha rangi. Nikamweleza jani linavyopaswa kuteleza, na lile lilivyokaa kama jiwe, na gari lake lilivyoruka pale ambapo pikapu yangu haikuruka. Nikasema sisi ni watoto wa malori, tulifundishwa kwamba mzigo utakuja siku zote, na gari lake halina mzigo. Nikasema, "Kulwa alikosea, mzee. Alikosea, na kosa lake likamuua."

Uso ulimbadilika. Alipiga boneti ya gari kwa kiganja, mlio ukajaa gereji yote, kila spana ikasimama. "Unamsema maiti? Ndugu yako wa tumbo moja? Hakuna anayemtetea, ndiyo unapata mdomo?" Akanishika ukosi wa ovaroli akanisukuma mpaka mgongo wangu ukagonga nguzo. Ni mtu mzima, lakini ana nguvu bado. "Angekuwa mtu mwingine aliyeniambia hivi, ningemtoa meno."

"Nitoe, mzee," nilisema. "Lakini Salma asiyapande haya."

Alinishikilia hivyo hivyo, pumzi yake inanipiga usoni, akitazama yale majani sakafuni. Nadhani alikuwa anahesabu mara ngapi yeye mwenyewe alikaa kwenye gari lile na furaha yake yote. Mkono wake ukaachia kidogo kidogo. Akanitengenezea ukosi, kama baba anayempeleka mtoto shule.

"Wallahi," alisema, "nilimpenda yule."

"Najua, mzee."

"Chagua basi."

Nilichagua peke yangu, Kulwa, na nitakuambia nilichochagua ili upate cha kupinga. Sikuchukua zile za mashindano walizoleta marafiki wa Salma, ngumu mno, ndugu za lile jani lako. Sikuchukua za asili tupu, kwa sababu zingekunjika tena kama nyoka na wewe ungekuwa na haki. Nilipima uzito wa nyuma kwanza, buti tupu na tangi limejaa, kitu ambacho hatukuwahi kufanya kwa Masanja hata mara moja. Nikachukua majani yenye mbele fupi na ngumu ya kuuzuia mhimili usipinduke, na nyuma ndefu na laini ya kumeza tuta. Bushi mpya. Shokapu zinazokubaliana nazo, ili springi ikipanda isishuke na kupanda tena kwa wazimu. Nilipolishusha gari chini, mkia ulikaa chini kuliko ulivyozoea. Ungesema limekaa kinyonge. Nilibonyeza buti kwa mikono miwili, likashuka, likapanda mara moja, likatulia.

Kabla halijatoka gereji nilimpigia mama. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine, maana Watanzania wa huku wana simu ndefu. Nilimwambia kwamba si barabara iliyokuua.

"Alikunywa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Alitengeneza vibaya. Alidhani ametengeneza vizuri."

"Na wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akakupiga."

"Alinirushia glovu tu."

Nikasikia anacheka, kicheko kimoja kidogo kilichogeuka kilio kabla hakijaisha, kilio kile ambacho hakukilia msibani. Alilia akikutukana, Kulwa. Alikuita mpumbavu, mbishi, kichwa cha mawe, akakuita kwa majina yote aliyokuwa akikuita ulipovunja vyungu vyake. Sikumkatiza. Alipomaliza alisema, "Sasa namjua aliyekufa. Yule fundi wao mkubwa sikumjua mie." Akaniuliza kama nimekula.

Salma aliendesha. Nilikaa kiti cha pembeni, na nilikuwa nimemwomba aende taratibu, naye akaitikia "tayyib, ustadh" na asiende taratibu. Tulitoka barabarani, akakanyaga mafuta. Mkia ulikaa chini, ukashika lami, ukatusukuma. Halikudunda. Mbele palikuwa na mfereji uliozibwa vibaya, ukikata barabara nzima, na nilipouona nilishika mlango kwa mikono yote miwili na kupiga kelele jina lako. Gari liliinama, likaupita, likasimama juu ya magurudumu yake yote manne. Salma hakusikia hata pigo. Alinitazama mimi tu, akaogopa, akaegesha.

Nilishuka nikatembea mchangani. Nilikasirika kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza kumkasirikia marehemu. Ilikuwa rahisi vile! Springi mbili na shokapu mbili, na ungekuwa hapa umenikaba shingo kwa mkono wako unaonuka grisi, unasema ni bahati tu. Nilipiga mchanga kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Salma alisimama mbali, ameshika chupa ya maji, hakunisogelea mpaka nilipomaliza.

Huku sasa wakiuliza fundi wa springi, wanaletwa kwangu, na wakikutaja wanashusha sauti. Mimi ndiye niliyewafundisha kuishusha. Nimekuvunjia jina, Kulwa, na mikono niliyolivunjia ndiyo hii uliyoikinga na mpira wa Masanja. Sikuombi msamaha, kwa sababu ningefanya hivyo tena kesho. Najua hutanielewa kwa maneno.

Basi pumzika, mbishi wangu. Siku nitakapokufikia, usiniulize habari za nyumbani. Nipige kwanza. Piga mpaka uchoke, halafu ndiyo tusalimiane.

Pacha wako,
Doto